Jogoo wa Kuchi Anafugwa kwa Ajili ya Nani?

Mtu ana pensheni yake au mshahara wake, anajenga banda nyuma ya nyumba, anajaza humo kuchi, vishingo wenye shingo tupu na vibutu wasio na mkia, hauzi mayai, hachinji ila sikukuu. Je, kuna anachokihifadhi kwa faida ya wengine, au anajifurahisha tu? Tanga swali hili halijapoa. Kuchi ana wapenzi wake hapa tangu enzi za mababu, na sasa kuku chotara, Sasso na Kuroiler, wameingia hadi vitongoji ambako zamani hukuona ila kuku wa kienyeji. Nimeupanga mjadala kwa sauti nne zinazosikika kila mada hii inapozuka: Mzee, mstaafu anayefuga kwa mapenzi, Kijana wa Pongwe, anayefuga chotara kwa biashara, Daktari wa mifugo, na Bibi wa Muheza, ambaye uani kwake kuku hawajawahi kukosekana. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza, na upande wangu nautaja mapema: naamini wafugaji wa mapenzi wana kazi ambayo soko halitaifanya kamwe, ila wengi wao wanaifanya nusu.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Mimi naanza na hesabu. Kifaranga wa Kuroiler nampokea ana siku moja. Akitimiza miezi minne, jogoo ana kilo mbili na ushei, mteja keshamchukua. Kuku wa kienyeji wa kawaida umri huo bado ni pora, miguu tupu; mpaka afike kilo moja na nusu umemlisha miezi sita au saba. Mtetea wa kienyeji anataga mayai 12, akizidi 15, analalia, analea, na mwaka ukiisha hajafikisha 60. Wangu nikiwalisha vizuri wanapita 150. Sasa Mzee, mtu anayenunua pumba na dagaa kumlisha kuku asiyemrudishia kitu, mimi simwelewi.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako sina ugomvi nayo. Ila nijibu: hao mitetea wako, wanalalia?

KIJANA: Ni nadra sana. Vifaranga naagiza.

MZEE: Na ukiamua kuwazalisha mwenyewe?

KIJANA: Wanaotoka hawalingani. Huyu mkubwa, yule mdogo, utagaji unashuka. Ndiyo maana naagiza.

MZEE: Basi hapo ndipo penye neno. Chotara anatokana na koo zilizotunzwa kando, kila moja kivyake, zikapandishwa kwa makusudi. Wewe unapokea mwisho wa kazi. Ukoo haupo bandani kwako, uko kwa mwenye mashine ya kutotolea, na siku akipandisha bei au akifunga milango huna pa kwenda. Mimi nafuga ukoo. Jogoo wangu wa leo najua baba yake, najua alipotoka bibi yake. Mtazame anavyosimama: shingo wima, mgongo unateremka moja kwa moja hadi mkiani, miguu mirefu minene, manyoya machache yaliyobana mwili hata kifuani unaiona ngozi nyekundu. Mdomo mfupi uliopinda, undu mdogo umelala juu ya kichwa. Umbo hilo halikujitokea. Watu walilichagua, kizazi baada ya kizazi, kabla sijazaliwa mimi.

DAKTARI: Na walianza kulichagua mbali sana na Tanga. Vinasaba vya kuku wetu vimechunguzwa, na upande wa uzazi wa kike vimeonyesha njia mbili. Kuku wengi wa kienyeji wa Tanzania ukoo wao unaelekea Bara Hindi. Kuchi anaelekea kwingine, Kusini-Mashariki mwa Asia, na jamaa zake wa karibu ni pamoja na Shamo, kuku wa mapigano wa Japani. Pwani ya Kenya nako wamepatikana kuku wenye ukoo huo. Kwa hiyo kumpoteza kuchi ni kupoteza tawi zima ambalo kuku wengi wa uani hawalibebi.

Hapo niliona niingie, kwa sababu watu wakisikia habari za vinasaba hudhani ni mambo ya juzi. Huko Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya kuku katika mji wa biashara uliokuwa hai zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kuku si ndege wa Afrika. Asili yake ni kuku mwitu wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Alivuka bahari na mabaharia waliokuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Mpwani anayefuga kuchi leo anashikilia kipande cha historia hiyo kilicho hai, kinachowika alfajiri. Kwangu sababu hii peke yake inatosha mtu kununua pumba.

KIJANA: Historia naiheshimu, mwandishi. Lakini tuseme kweli kuhusu kuchi. Watu hawakumpenda kwa historia. Walimpenda kwa kupigana, na fedha ziliwekwa.

MZEE: Kweli, na siifichi. Nimekulia mitaa ambayo jioni ya Jumapili ukisikia kelele nyuma ya nyumba unajua kuna majogoo wametiwa uwanjani. Wapo wanaoendelea hadi leo kwa siri. Mimi sipiganishi, na pora wangu simuuzii mtu anayeanza kwa kukagua makucha ya nyuma ya mguu.

DAKTARI: Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ukatili unakatazwa waziwazi. Ninaowatibu wakitoka huko ni wenye macho yaliyopofuka na vichwa vilivyovimba. Ila Mzee, kuna dhara jingine ambalo wapiganishaji wenyewe hawalioni. Jogoo mmoja akishinda, kila mtu anataka mbegu yake. Mtaa mzima unapanda kwa huyo huyo. Majogoo wengine wazuri wanachinjwa kwa kuwa walishindwa, au kwa kuwa hawakupigana. Baada ya vizazi vitatu una kuku wanaofanana sura, na wote ni ndugu.

BIBI: Mie kuchi sijui, najua kuku. Na mie nina langu, nalo ni juu ya nyinyi mnaopenda kuku. Nyinyi wa mjini mnakuja Muheza na gari Jumamosi. Mnapita nyumba kwa nyumba. Jogoo mkubwa, mwenye sauti, mwenye miguu, ndiye mnayemtaka, na fedha mnayotoa mama mwenye ada ya shule hawezi kuikataa. Mnaondoka naye. Kijijini kunabaki nani? Vile vijogoo vyembamba ambavyo hamkuvitaka. Ndivyo vinavyopanda mitetea yetu. Mwaka wa pili mnarudi mnasema, mbona kuku wa huku wamekuwa wadogo.

MZEE: Dada, hilo...

BIBI: Ngoja nimalize. Unasema unahifadhi. Unahifadhi kwako.

Kwa mawazo yangu hilo ndilo neno zito kuliko yote yaliyosemwa, na Mzee hakuwa na jibu la haraka. Mwenye fedha akiondoa majogoo bora kila msimu, kijiji kinachagua kinyume bila kujua: wanaozaa ni wale ambao hakuna aliyewataka. Nimeona nyua nyingi ambako jogoo wa pekee aliyebaki ni pora mdogo aliyeponea chupuchupu sikukuu ya Iddi kwa kuwa hakuwa na nyama. Mitetea hawana uchaguzi. Kuna namna nyingine ya kulifanya kosa hilo hilo, na serikali zimewahi kuifanya kwa nia njema. Katika miaka ya 1970 na 1980, Kenya ilikuwa na mpango wa kubadilishana majogoo: mwanakijiji apewe jogoo wa kigeni, kama Rhode Island Red, awaondoe wa kwake. Watoto wa kwanza walikua wakubwa. Lakini damu ya kigeni ilivyozidi, ari ya kulalia ilipungua, na mama wa kijijini asiye na mashine anahitaji kuku anayelalia kuliko anavyohitaji kuku mkubwa.

BIBI: Na anayejua mwewe. Niliwahi kuletewa kuku wa kisasa, wazuri, wanene. Mwewe akishuka wamesimama wanamtazama. Mtetea wangu wa kienyeji akiona kivuli tu anapiga mlio, watoto wote wako chini ya mhogo, na yeye ametuna manyoya yuko tayari. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, lakini mama yake lazima awe na akili.

KIJANA: Bibi, hapo umenishinda. Wangu siwatoi nje. Nikiwatoa wanaisha.

DAKTARI: Mimi niwarudishe kwa Mzee, maana kazi yake naitaka ifanikiwe na namna anavyoifanya inanitia wasiwasi. Mzee, bandani kwako una majogoo wangapi wanaopanda?

MZEE: Mmoja. Wengine nawafungia kando, wanagombana.

DAKTARI: Na mitetea?

MZEE: Kumi.

DAKTARI: Ukihesabu kwa macho una kuku 11. Ukihesabu kwa urithi una kama kuku watatu na nusu. Hesabu yake ni hii: zidisha nne kwa idadi ya majogoo, zidisha kwa idadi ya mitetea, kisha gawanya kwa jumla yao. Nne mara 1 mara 10 ni 40, gawa kwa 11, unapata 3.6. Maana yake kila kizazi kipya kinaongeza undugu kwa karibu asilimia 14. Ndani ya vizazi vichache utaona mayai yanayokataa kuanguliwa, vifaranga wanaokufia ndani ya ganda siku ya 20, wenye vidole vilivyopinda. Utasema ni joto, utasema ni chakula. Sasa weka majogoo 5 kwa mitetea hao hao 10: 4 mara 5 mara 10 ni 200, gawa kwa 15, unapata 13 na kidogo. Undugu unapanda chini ya asilimia 4 kwa kizazi. Umeongeza majogoo wanne tu.

MZEE: Wakiuana?

DAKTARI: Usiwaweke pamoja. Gawa banda vyumba vitatu, kila kimoja familia yake. Mitetea wanaozaliwa chumba cha kwanza wanabaki cha kwanza siku zote. Pora wao wanahamia cha pili. Pora wa pili wanahamia cha tatu, wa tatu wanarudi cha kwanza. Hakuna mtetea anayepandwa na kaka yake. Funga alama mguuni: vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya vinatosha, rangi moja kwa kila familia, na uvikate na kufunga vingine kuku anapokua visije vikamkata. Kisha andika. Wafugaji wetu wa mapenzi wana macho makali ajabu, wanamjua kuku kwa mwendo, lakini daftari hawana. Mzee akifariki, ukoo unazikwa naye.

Nilifurahi kuisikia hesabu hiyo ikisemwa mbele ya watu, kwa sababu mapenzi ya kuku huwa yanajisifia jogoo mmoja. Ukienda kwa mfugaji atakutolea jogoo wake, utamsifia, utapiga picha. Ni wachache wanaokuonyesha mitetea, na wachache zaidi wanaokuonyesha majogoo watatu wa akiba waliofungiwa nyuma, wasio na umbo la kujivunia, ambao bila wao yule wa mbele hana kesho.

KIJANA: Niulize kitu. Kila siku ni kuchi, kuchi. Mbona sijamsikia mtu akijivunia ching'wekwe?

Swali zuri, na sikumtarajia yeye aliulize. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walipowapambanua kuku wa kienyeji wa Tanzania, waliwataja kuchi, ching'wekwe, Morogoro wa wastani, Mbeya na singamagazi. Ching'wekwe wa Morogoro ni mdogo, mfupi wa miguu, hana madaha. Hakuna anayesafiri kumfuata. Mapenzi yana mtindo kama kanga, na mtindo ukikaa kwa kuchi mmoja, wengine wanachanganyika na chotara wa kila aina mpaka watu wasahau kwamba walikuwapo. Mfugaji wa mapenzi kweli, kwa maoni yangu, angeshika yule asiyetazamwa. Kuchi hana shida ya wapenzi.

MZEE: Mimi kishingo ninao, na kibutu, na kidimu mmoja. Ila nakiri nawaweka kama pambo.

DAKTARI: Kishingo si pambo, Mzee. Mtazame vizuri. Kuna aliye na kishada cha manyoya mbele ya shingo, chini, karibu na kifua. Huyo amerithi kwa mzazi mmoja tu. Asiye na kishada, shingo tupu kabisa, amerithi kwa wote wawili. Ukipandisha wawili wenye kishada, kwa wastani katika kila vifaranga wanne mmoja atatoka shingo tupu, wawili wenye kishada, mmoja wa manyoya kamili. Na aliyerithi pande zote mbili ana manyoya pungufu kwa karibu asilimia 40 mwili mzima, si shingoni peke yake. Joto linatoka mwilini kwa urahisi. Tanga hii ya Februari, kuku wengine wamepanua midomo wanahema kivulini, yeye anakula.

KIJANA: Subiri. Unasema anakula kwenye joto?

DAKTARI: Ndiyo. Kuku akizidiwa na joto anapunguza kula, asipokula hakui. Wako wanasimama kukua mchana, au siyo?

KIJANA: Mchana wanakuwa hoi. Nimeweka mabati, nimepandisha kuta, bado.

DAKTARI: Basi kinasaba hicho kimekaa miaka na miaka kwenye nyua za watu walioambiwa kishingo ni kuku mbaya wa sura. Bila mtu wa kuwapenda wangekwisha zamani. Kidimu naye, yule mwenye manyoya yaliyojikunja kuelekea kichwani, ana habari kama hiyo, ila yeye usimpandishe na kidimu mwenzake. Aliyerithi pande zote mbili manyoya yake yanakatika, anabaki nusu uchi, jua na mvua vinamtesa. Mpandishe na kuku wa manyoya ya kawaida. Na kibutu, kwa kuwa hana mkia wala mifupa ya mkia, manyoya ya nyuma hufunika njia ya uzazi na mayai mengi hayashiki mbegu. Yapunguze kwa mkasi kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kulalisha.

MZEE: Hilo la mkasi nililijua. Baba yangu alifanya hivyo.

BIBI: Na mayai uyatazame mapema, usimchoshe mama wa watu bure. Siku ya saba usiku, toa yai moja moja, liweke juu ya taa. Zamani tulitumia kibatari na kipande cha boksi chenye tundu, siku hizi simu. Likiwa hai utaona doa jeusi na mishipa myekundu imetawanyika pande zote, ukishika kwa utulivu doa linatikisika. Likiwa jeupe tupu, mbegu haikushika. Litoe.

DAKTARI: Bibi amesema yote. Lakini Mzee, hata ukipanga vyumba, hata ukiandika daftari, ugonjwa wa kideri unapita siku moja na kazi ya miaka kumi imekwisha. Kijiji ambacho hakijachanja, kideri kikiingia, unaweza kubakiwa na kuku wa kuhesabu kwa vidole. Na nyinyi wapenzi ndio mnaosafiri na kuku. Jogoo anapakiwa kwenye basi kutoka Tabora, amepita stendi zote, jioni yuko chumba kimoja na mitetea wako.

MZEE: Nampumzisha usiku mmoja.

DAKTARI: Wiki mbili, kando kabisa, chombo chake cha maji, na umhudumie mwisho baada ya wengine. Chanjo ipo na si ghali. Ile ya I-2, aliyoiandaa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama Bibi: inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, na hapa nchini inazalishwa. Tone moja, jicho moja, kila miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo mtaa mchange, mchanje siku moja. Usimchanje aliyekwisha ugua.

KIJANA: Haya, mimi bado nasimama kwenye hesabu yangu. Siwezi kulisha familia kwa ching'wekwe. Ila Mzee, niuzie mayai ya kishingo, nijaribu kuwachanganya na wangu, nione mchana wa Februari watafanyaje.

MZEE: Kuuza nauza. Wa kwako wafunge alama, na pora wao wasirudi bandani kwangu wala wasiende Muheza.

KIJANA: Nitawachinja wote. Hao ni wa soko.

Niliyapenda mapatano hayo kuliko hoja zote zilizotangulia. Chotara ana haki ya kuwapo, na Kijana ana haki ya kula jasho lake. Kinachotakiwa ni mtu aliye tayari kubaki na ukoo wenyewe, safi na wa kutosha, ili Kijana apate pa kuchota. Banda la mapenzi lisilotoa yai wala jogoo nje ya uzio wake halina tofauti kubwa na sanduku la vito. Ndiyo maana neno la Bibi halikunitoka.

MZEE: Dada, nililotaka kusema ulinikatiza. Jogoo wawili nilionunua Muheza mwaka juzi, siwezi kukurudishia. Mmoja amekufa, mmoja amezeeka. Nina pora wao. Nikuletee mmoja, umtoe yule mwembamba wako?

BIBI: Uniletee bure?

MZEE: Kwa mgawano, kama wazee wetu walivyofanya.

BIBI: Sawa. Mitetea watakaozaliwa ni wangu. Pora tutagawana, na wewe utachagua wa pili, mimi nachagua wa kwanza. Yule mkubwa kuliko wote habebwi na gari lolote.

DAKTARI: Kabla hajapanda basi achanjwe, akae wiki mbili.

BIBI: Na wewe uje siku hiyo na chupa yako, uchanje na wa majirani. Nitawaambia wafunge kuku tangu usiku, kukikucha hutawapata.